Chumvi kiasi

Pishi langu la kwanza lilitoka gazetini mwaka 2006, ukurasa wa wanawake, chini ya tangazo la sabuni. Lilikuwa la samaki wa kupaka. Mahitaji niliyapanga kama nilivyoona wengine wakiyapanga: samaki mmoja mkubwa, nazi mbili, kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, pilipili, chumvi kiasi. Kwenye maelekezo nikaandika tui lichemshwe kiasi mpaka liwe zito, kisha apakwe samaki. Nilikuwa na miaka 24, na kile kipande cha gazeti nilikikata nikakibandika kwenye daftari.

Wiki iliyofuata mama mmoja akapiga simu chumba cha habari. Alikuwa amepika siku ya Iddi, wageni tisa sebuleni, na tui likamkatikia. Mafuta yamepanda juu, maji yamebaki chini, na katikati vinaelea vipande vyeupe kama maziwa yaliyoganda. Hakunigombeza. Aliniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, umesema kiasi. Kiasi gani?"

Sikuwa na jibu. Tui nalipika tangu nina miaka kumi, kwetu Muheza, na mkono wangu unajua wakati wa kupunguza moto bila kuniuliza. Lakini nilipotakiwa kulisema kwa maneno, kwa mtu asiyeniona, niliishia kumwambia asizidishe moto. Akanishukuru, akakata simu. Nimeandika chakula na vinywaji kwa miaka karibu 20 sasa, na nikitazama nyuma naona sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kumtafutia jibu yule mama.

Tuanze na tui lenyewe, maana ndiko kosa lilikoanzia. Tui ni mafuta ya nazi yaliyotawanyika ndani ya maji kwa vitone vidogo mno, na kinachozuia vitone hivyo visishikane ni protini ya nazi. Protini hiyo huanza kuganda joto likikaribia nyuzi 80, kabla tui halijatokota. Ikishaganda haishiki tena kazi yake, vitone vinakutana, mafuta yanajitenga. Ndiyo sababu mama zetu hawaachi upawa ukalala. Wanateka tui, wanaliinua, wanalimimina tena, muda wote, mpaka liwe zito na kushikamana na viungo. Nilikuwa nadhani ni mazoea tu. Kumbe ule upawa ndio unaoendelea kutawanya mafuta wakati protini imeshachoka. Ndimu nayo, ukiitia wakati tui lipo motoni, inagandisha protini hiyo haraka zaidi. Mimi niliandika ndimu itiwe mwanzo, pamoja na viungo vingine.

Kuna na nazi yenyewe. Niliandika "nazi mbili" bila kusema nazi ipi. Tunda la mnazi huanza kidaka, likawa kitale, likawa dafu, likawa koroma, ndipo likawa nazi, na koroma halina mafuta ya kutosha kutoa tui zito hata ukakuna matano. Anayenunua sokoni anaitikisa nazi sikioni na kuipima uzito mkononi, na nyingine inamdanganya vilevile. Halafu tui la kwanza na tui la pili ni vitu viwili tofauti: la pili ni la kuivishia, la kunde na la muhogo, linavumilia moto. La kwanza linaingia mwishoni. Hayo yote nilikuwa nayajua. Sikuyaandika kwa sababu sikuona kama ni maarifa. Niliona ni jambo ambalo kila mtu amelala nalo akaamka nalo. Lakini msomaji wangu wa Dodoma hakukua na mbuzi ya kukunia nazi wala kifumbu cha kuchujia tui jikoni kwao.

Neno kiasi lipo kila mahali. Fungua pishi lolote la Kiswahili, la gazetini, la redioni au la kwenye simu: chumvi kiasi, mafuta kiasi, maji kiasi. Kwa muda mrefu niliwalaumu wapishi wetu kimoyomoyo, nikaamini kwamba hatukuwa na utamaduni wa kupima. Nilikosea sana. Hata hili neno pishi tunaloliandika juu ya ukurasa ni jina la kipimo cha nafaka. Vibaba viwili ni kisaga, vibaba vinne ni pishi. Na mkononi tuna konzi, ambayo ni mkono uliofumba, na ukufi, ambao ni kiganja kilichokunjuliwa, na mpishi hawezi kukuelewa ukichanganya hivyo viwili.

Mwaka 2011 nilikwenda Pangani kukaa siku tatu na bibi mmoja, mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, yeye ndiye anayeitwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akipepeta mchele, nikamwambia nimekuja kuandika pilau yake. Nikauliza chumvi. Akasema kiasi. Safari hii nilikuwa nimebeba mzani mdogo wa jikoni. Nikamwomba, kila akichota chumvi, aimwage kwanza kwenye sahani yangu, niipime, kisha nimrudishie. Alinitazama kwa huruma, akakubali.

Alichota mara nane kwa siku mbili. Kwa kila sufuria ya ukubwa ule ule, tofauti kati ya konzi moja na nyingine ilikuwa ndogo kiasi kwamba mzani wangu ulikaribia kushindwa kuisoma. Siku ya pili chumvi ya mawe iliisha, mjukuu akaleta pakiti ya chumvi laini kutoka dukani. Bibi akachota konzi pungufu. Nikadhani nimemkamata. Nikapima: uzito ulikuwa karibu sawasawa na wa jana. Chumvi laini hujipanga bila kuacha nafasi, kwa hiyo mkono ule ule hubeba nyingi zaidi, na yeye alikuwa ameshalipa hesabu hiyo kabla mkono haujafika kwenye sahani. "Hii ya pakiti ina hila," ndivyo alivyosema, akaendelea na kazi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kiasi, kinywani mwa bibi yule, ni kipimo kamili. Kimehifadhiwa mkononi kwa miaka hamsini. Mimi nilipolinakili neno lake karatasini bila mkono wake, nilikuwa nimeandika nafasi tupu.

Nilimpimia na vitunguu kwa saa. Katika mapishi yangu yote kabla ya hapo niliandika "kaanga vitunguu dakika 5 mpaka viwe rangi ya kahawia." Vya bibi, sufuria ya shughuli, vilichukua dakika 22, na nilipojaribu nyumbani kwangu kwa kilo moja ya mchele na vitunguu vitatu vikubwa, sikuweza kufika kwenye rangi ile chini ya robo saa bila kuviunguza. Rangi ya pilau ya pwani inatoka hapo, kwenye vitunguu, kabla mdalasini na karafuu na iliki hazijaingia. Dakika 5 zinatoa vitunguu vilivyolainika na pilau iliyopauka. Niliandika dakika 5 kwa sababu wengine waliandika hivyo, na kwa sababu dakika 22 zinamtisha msomaji. Ninaamini wapo watu waliojiona hawajui kupika kwa ajili ya dakika zile.

Maji ya wali bibi aliyapima kwa pingili ya kidole juu ya mchele. Lakini kabla ya hapo aliuliza mchele umevunwa lini. Mchele mpya haunywi maji kama uliokaa ghalani. Ukiupa pingili nzima unakuwa bokoboko. Tangu siku ile, nikiandika wali nauliza kwanza: mchele wa Kyela wa msimu huu, au wa pakiti uliotoka ng'ambo? Hakuna kikombe kinachoweza kujibu hilo peke yake.

Majina nayo yamenipa kazi. Mwaka mmoja niliandika "bizari ya pilau" nikiwa na maana ya zile mbegu nyembamba ambazo Unguja wanaziita uzile. Msomaji wa Iringa akaenda dukani, akasema binzari, akapewa manjano, akapika pilau ya njano. Sasa naandika jina, naandika jina la pili, kisha naeleza umbo na rangi. Nyanya ni tungule ukivuka kwenda Unguja, viazi ni mbatata, kitunguu saumu ni thomu. Nina wasomaji Muscat na London ambao mama zao waliondoka Zanzibar na maneno yao ya jikoni yakaondoka nao. Hao wakisoma uzile wanaitikia mara moja. Wengi wao wanapikia tui la kopo, ambalo mara nyingi hutiwa vitu vya kulishikilia lisikatike, kwa hiyo wananiambia tahadhari zangu ni nyingi mno. Kwao ni kweli.

Siku hizi linanisumbua zaidi suala la moto. Karibu kila kitu nilichoandika kabla ya 2015 kiliandikwa kwa jiko la mkaa. Wali wa kupalia: maji yakishakauka unaweka makaa juu ya mfuniko, joto linashuka na kupanda, chembe inasimama. Mkate wa kumimina ni hivyo hivyo, makaa juu na chini, ndipo uso unapata ule wekundu. Tanzania ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanaitumia ifikapo 2034, na ninauunga mkono kwa moyo wote. Nimewaona wanawake wengi mno wakikohoa mbele ya mafiga. Ila mapishi yetu lazima yaandikwe upya kwa jiko la gesi. Nimeanza. Wali wa kupalia kwenye gesi nimeufikia kwa sufuria nzito, kitambaa safi chini ya mfuniko na moto mdogo kabisa kwa robo saa, na ni mzuri. Mkate wa kumimina bila oveni sijauridhia bado.

Kama kiasi ndilo neno nililolitumia vibaya kwenye mapishi, kwenye makala za kusifu vyakula lilikuwa tamu. Supu tamu, samaki mtamu, kahawa tamu, hata kahawa chungu niliiita tamu. Kiswahili kimetupa mengi kuliko hayo. Mchuzi uliokolea na mchuzi chapwa. Ukakasi wa bibo unaokausha ulimi. Uchachu wa ukwaju, ambao ni tofauti na kuchacha kwa wali wa jana. Ukali wa tangawizi, shombo ya samaki asiyeoshwa kwa ndimu.

Gharama ya neno tamu niliiona kwa muuza supu ya pweza, Dar es Salaam, nisiyemtaja. Alikuwa na meza moja, taa ya kandili na sufuria. Niliandika kwamba supu yake ni tamu kuliko zote mjini. Watu wakafurika. Baada ya miezi minne nilirudi nikakuta supu ya maji, pweza mgumu kama mpira. Waswahili walishasema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilimkasirikia wiki nzima. Baadaye nikarudia kusoma nilichoandika, na sikukuta sentensi hata moja inayosema kwa nini supu ile ilikuwa nzuri. Sikusema kwamba pweza wake alipigwa vizuri kabla ya kupikwa. Sikusema kwamba alimwacha aive kwa maji yake mwenyewe, moto mdogo, chumvi ikaja mwisho. Wateja niliompelekea hawakujua cha kumdai. Walikuja kwa ajili ya sifa, na sifa ndiyo waliyouziwa.

Mgema wa kweli nilimtembelea Kaloleni, Kilifi, na ndiye aliyenifundisha kuandika saa. Anapanda mnazi asubuhi na jioni, anakata utando mwembamba wa ncha ya karara kwa kotama, utomvu unadondoka kwenye kibuyu. Tembo linaanza kuchachuka humo humo kibuyuni, juu mtini, kabla hajashuka nalo. La asubuhi ni karibu na maji ya dafu yenye sukari. La mchana linauma ulimi. La jioni ni pombe. La kesho yake limekuwa kali na chachu, na ukiliacha siku zaidi una siki, siki nzuri sana ya kuchanganyia kachumbari. Mwandishi anayesema "tembo ni tamu" amekunywa saa moja tu ya siku ya tembo. Ulanzi wa Iringa ni hivyo hivyo: unagemwa kwenye vichipukizi vya mianzi wakati wa mvua, na hausimami. Nilipanda basi na chupa ya ulanzi niliyoifunga kwa nguvu, nikiwapelekea wenzangu ofisini waonje. Ilipasuka kabla ya Morogoro. Wanaoujua huacha kifuniko kimelegea ili upumue, na hilo nalo sikuwa nimeliandika popote.

Sasa nije kwenye muhogo, ambao ndio unaoniamsha usiku. Mwaka 2009 niliandika ugali wa muhogo. Nikasema muhogo umenywe, ulowekwe kiasi, uanikwe, utwangwe. Ulowekwe kiasi.

Muhogo mchungu una sumu ya sayanaidi. Kuuloweka siku tatu au nne mpaka ulainike, kisha kuukausha vizuri, ndiko kunakoiondoa sehemu kubwa. Kuna ugonjwa unaitwa konzo. Jina limetoka kwa Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Mtu anaamka asubuhi miguu imekakamaa, na haiponi tena. Huwapata zaidi watoto na wanawake, mahali ambapo watu wanakula muhogo mchungu siku baada ya siku, bila maharage wala samaki wa kutosha, na ukame umewalazimisha kufupisha siku za kuloweka. Kwetu ulitokea Tarime mwaka 1985. Watu wale hawakuwa wajinga wa muhogo. Waliujua kuliko mimi, ila njaa iliwanyang'anya siku tatu.

Nilijifunza hayo miaka miwili baada ya makala yangu kutoka. Sijui yeyote aliyedhurika kwa neno langu, na sitajifariji kwa hilo. Niliandika marekebisho, yakatoka kwenye kona ndogo. Nayarudia hapa kwa ukubwa yanaostahili: muhogo mchungu ulowekwe siku tatu hadi nne kamili, uanikwe mpaka ukauke. Na kama una unga ambao huna hakika nao, upo utaratibu uliobuniwa na mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury: changanya unga na maji, utandaze tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, uache juani saa 2 au kivulini saa 5, sumu inapaa hewani, kisha usonge ugali siku hiyo hiyo. Haugharimu chochote.

Daftari lile la 2006 bado ninalo, na kipande cha gazeti kimegeuka njano. Juzi nililipika tena lile pishi, mzani mezani na saa ukutani, nikaliandika hivi kwa ajili ya mama wa Iddi, kama bado yupo na kama bado anapika.

Changu mmoja wa kilo moja, apasuliwe na kuchanjwa pande zote. Kitunguu saumu punje sita na tangawizi ukubwa wa kidole gumba, vitwangwe. Pilipili mbichi mbili. Chumvi laini kijiko cha chai kimoja na nusu. Kijiko kimoja kinamwingia samaki pamoja na nusu ya viungo na ndimu nusu, akae nusu saa, na hiyo nusu ya kijiko inangoja. Mchome kwa makaa yaliyoingia majivu, au kwenye oveni, mpaka nyama iachie mfupa. Zikune nazi mbili zilizokomaa, kamua kwa maji ya uvuguvugu kikombe kimoja na nusu, tui la kwanza tu. Litie sufuriani na viungo vilivyobaki na chumvi iliyobaki likiwa bado baridi, weka moto mdogo, na usiliache. Liinue kwa upawa, limimine, liinue tena. Ukiona mapovu madogo pembeni ya sufuria, punguza moto. Yakifika katikati umechelewa. Kwangu ilichukua dakika 14 mpaka likashika mgongo wa kijiko. Epua. Hesabu mpaka sitini. Sasa tia ndimu iliyobaki, koroga, mpake samaki, mrudishe kwenye makaa dakika mbili kila upande, na umpake tena anapotoka.